Mpimaji wa Petroli

Nyinyi vijana wa kijiweni mtakaosoma haya, wekeni simu chini na msome polepole. Sikuandika ili mcheke. Kila siku nawasikia mkibishana pikipiki ipi inakula mafuta kidogo, ya Kihindi au ya Kichina, mpaka mate yanawaruka. Kabla hamjajua kushika klachi, ubishi huo ulikuwa na mwamuzi wake hapa Kisaka, na mimi nilimfahamu miaka mingi. Jina lake silitaji. Watoto wake wapo na wana heshima zao. Tulimwita Mpimaji, na kuanzia hapa mpaka Mugumu ukisema Mpimaji hakuna aliyeuliza yupi.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni hata kwenye jua la saa saba. Alikuwa dereva wa magari ya watalii kule Ikoma, kwenye kambi ambayo siku hizi haipo. Huko alizoeshwa kuandika kila lita inayoingia kwenye gari na kila kilometa inayokwenda. Walipomwachisha kazi alirudi na koti la kijani ambalo nembo yake aliitoa kwa wembe, akarudi na tabia hiyo ya kuandika. Koti lilichakaa. Tabia haikuchakaa.

Niwaeleze alivyopima, maana nyinyi mnapima kwa mdomo. Kwanza aliondoa petroli yote kwenye tangi, akaiacha pikipiki iungurume mpaka izime yenyewe, kabureta ikauke. Halafu alichukua dumu lake, lile la njano la mafuta ya kupikia, la lita tano, lenye alama ya kisu begani. Siku dumu lilipokuwa jipya alilijaza lita tano kwa kopo la chuma la kambini, kopo la kweli, ndipo akakata ile alama. Akimimina mafuta alipiga goti kama anayesali, jicho lake likiwa sawa na alama. Tone likizidi, alilinyonya kwa bomba la sindano. Kisha akapanda nyuma ya mwenye pikipiki na gunia la mahindi, wakaondoka. Walikwenda Mugumu, wakaenda Ikoma, wakarudi kwa njia ya tope, wakapanda mlima, na wakikuta mtu wa kubebwa walimbeba. Safari iliendelea mpaka pikipiki ikate mafuta. Hapo alisoma kilometa, akaandika kwenye daftari kwa penseli, akatoa kwenye koti chupa ya petroli ya kuwarudisha nyumbani.

Vijana walimletea karatasi za dukani.

"Mzee, hapa wameandika lita moja kilometa sitini."

"Karatasi haijawahi kupanda mlima wa Kisaka," aliwajibu. "Karatasi haina tumbo, haina gunia, haibebi mke wa mtu na kuku wake watatu."

Na hakuwa mtu wa kukisia uzito. Msimu mmoja aliazima mizani ya pamba pale kwenye ghala, ile ya kuning'inia, akataka kila abiria wa safari ya kupima apimwe kwanza. Wanaume walikubali. Shemeji yangu, mwanamke mnene na mwenye mdomo, aligoma.

"Mimi ni pamba?"

"Pamba ingeshaondoka hapa," Mpimaji alisema. "Pamba haibishani."

Akapimwa. Aliposikia uzito wake alisusa kupanda, akatembea kwa miguu mpaka Mugumu, na watu wakamtania kwamba ameisaidia pikipiki ya watu kuokoa nusu lita.

Sifa zake zilivuka mpaka Tarime mjini. Ndugu wawili pale Bomani walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ubishi huo. Mmoja alikuwa na pikipiki ya Kihindi, mwingine ya Kichina, na kila mmoja aliapa kwamba ya mwenzake ni pipa lililotoboka. Wakamwita. Alipima mara ya kwanza, ya Kihindi ikashinda kwa mbali. Mwenyewe akaanza kucheza pale barabarani. Mpimaji akamwambia, "Subiri, mura." Ndivyo sisi Wakurya tunavyomwita kijana wa kiume, na yeye alimwita hivyo hata mwenye mvi. Aliwabadilisha, kila mmoja akaendesha ya mwenzake, njia ileile, gunia lilelile. Ya Kichina ikashinda. Akafunga daftari.

"Pikipiki zenu hazina tofauti ya maana," alisema. "Tofauti ni mkono. Huyu anafungulia mafuta kama anakimbizwa na tembo, huyu anafungulia kama anamtekenya mtoto. Salimianeni."

Hadithi hiyo nilipoisikia nilisema huyu ni mtu wa kuaminiwa. Nasema hivyo ili mjue sikuwa mjinga mtupu.

Alikuwa na msemo wake: kipimo hakina shemeji. Aliusema kwa kila mtu, kwa tajiri mwenye pikipiki nane na kwa kijana aliyeazima moja. Hela hakuchukua. Ukimpa uji wa mtama ameshiba, ukimpa na karanga amefurahi. Kwa hiyo watu walisema hana wa kumpendelea. Mwenye pikipiki akimshuku dereva wake anauza petroli njiani, anamwita Mpimaji. Daftari likishasema, limesema. Dereva mmoja ananyang'anywa ufunguo, mwingine anapewa. Tulikuwa tukiona hivyo mara kwa mara, tukasema wezi wanaumbuka.

Lakini alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Mtu huyu aliyejua pikipiki ya kila mtu inakunywa nini hakuwahi kununua ya kwake. Alitembea. Nyumbani kwake sukari ilitiwa kwenye chai kwa kukisia, siku nyingine uji, siku nyingine maji machungu, na hakusema kitu. Ukimuuliza watoto wake wana miaka mingapi, anamgeukia mke wake. Alipima mambo ya watu. Ya kwake aliyaacha yaende.

Sasa nije kwangu.

Mume wangu alipofariki niliuza mitamba yangu miwili, niliyopewa na baba yangu, nikanunua pikipiki. Wazee wa ukoo walinung'unika, mwanamke na pikipiki wapi na wapi, nikawaacha wanung'unike. Nilimpa Mwita aendeshe. Mwita ni kitinda mimba wangu. Tulipatana hivi: anajaza petroli kwenye sheli ya Mugumu, lita kumi, na jioni ananionyesha kilometa kwenye kisomeo. Shule niliishia darasa la nne, lakini namba nazijua. Hesabu yake ilikuwa arobaini na tano kwa kila lita, wiki nenda wiki rudi. Jirani yangu ana pikipiki kama yangu, ya duka lilelile, na Mpimaji alishaipima akapata hamsini.

Nilikaa na jambo hilo moyoni mwezi mzima. Likaniozea. Nikamwita Mpimaji.

Alikuja asubuhi, akanywa uji, akapiga goti na dumu lake. Mwita akaendesha mwenyewe, Mpimaji nyuma na gunia. Walirudi jioni wamejaa vumbi. Niliwakalisha watu wangu wote uani mbele ya zizi: Chacha mwanangu mkubwa, wake wa wanangu, na wajukuu. Mpimaji akafungua daftari.

"Lita tano, kilometa mia mbili na hamsini na mbili. Hamsini kila lita, Mama Chacha, na kidogo juu."

Mwita alikuwa anacheka alipoanza kusikia. Alidhani anasifiwa kwa mkono wake mwepesi. Halafu akaniona uso.

"Mama, sheli hainipi hivyo."

"Sheli ina akili ya kukuibia wewe peke yako?"

"Sijui. Mimi natia lita kumi, zinanifikisha pale ninapokuonyesha. Siuzi hata tone." Akamgeukia Mpimaji. "Tata, pima tena. Tukatie mafuta palepale Mugumu kwenye pampu, lita tano, bila dumu, tuone."

Kwetu tata ni baba. Alimwita baba mbele ya watu wote.

Mpimaji alisugua penseli kwenye kidole. "Nimeshapima, mura. Kipimo hakina shemeji."

Nikaupigia hesabu ule wizi papo hapo. Kati ya lita kumi, moja haionekani. Nikanyoosha mkono, Mwita akanipa ufunguo. Ningeishia hapo. Ufunguo ungetosha. Lakini nilisema mbele ya wake wa kaka zake kwamba mimi sikuzaa mwizi, labda huyu nilimwokota. Na kwetu, mwizi wa njiani wazee wa ukoo wanaweza kukaa na kumsikiliza, lakini aliyeitwa mwizi na mama yake mzazi nani atakaa kikao kwa ajili yake?

Mwita aliweka kofia ngumu chini, taratibu, kama anaweka yai. Kesho yake hakuwepo. Alikwenda machimboni upande wa Tarime, kuchimba dhahabu na watu wa Geita na Shinyanga na wa kila mahali, watu ambao hawaulizani kwao ni wapi. Yuko huko mpaka leo. Ameoa huko, mwanamke sijui wa kabila gani. Ana watoto wawili ambao nimewaona kwenye simu. Sikukuu ananitumia sukari na kitenge kwa mkono wa watu. Nikimpigia anapokea, na salamu yake ni ileile siku zote:

"Shikamoo, mama mwenye pikipiki."

Namjibu marahaba. Ningejibu nini?

Pikipiki nilimpa Chacha. Na hili nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine. Chacha naye alipata arobaini na tano. Wiki nenda wiki rudi. Mimi nikasema pikipiki imeanza kuchakaa. Sikumwita Mpimaji. Sikumkalisha Chacha mbele ya zizi. Mke wa Chacha aliniangalia siku moja nikisoma kisomeo, akaendelea kupepeta mtama.

Baada ya hapo Mpimaji naye alibadilika. Wakimwita kupima anasema mgongo unauma. Wakimletea ubishi anawaambia mkono ndio unaokula mafuta, nendeni. Watu wakasema uzee. Miaka ikapita, mke wake akafa, binti yake akaja kumchukua aende kukaa naye Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Siku ya kuondoka alipita kwangu. Hakuketi. Aliniachia dumu lake.

"Litakufaa, Mama Chacha," alisema. "Wewe una ng'ombe, una mambo ya kupima."

Nikalioshea sabuni na majivu mpaka harufu ikaisha, nikaliweka kwa kazi ya dawa ya kupe. Dawa ile inasema kifuniko kimoja cha dawa kwa lita tano za maji. Nilikuwa najaza maji mpaka kwenye alama ya Mpimaji, natia kifuniko changu, tunawapulizia ng'ombe. Kupe hawakudondoka. Wiki ya pili hawakudondoka. Ndama mmoja akaanza kulegea, masikio yakaning'inia. Nikamtukana mwenye duka la dawa kwamba ananiuzia maji, naye akanitukana kwa heshima, maana mimi ni mtu mzima. Akamleta bwana mifugo.

Bwana mifugo ni kijana mdogo, mpole. Alinusa dawa, akasema ni nzuri. Akauliza, "Bibi, maji unapimia nini?" Nikamwonyesha. Alilishika dumu, akaligeuza, akalibonyeza tumbo kwa kidole gumba.

"Hili limevimba, Bibi."

"Madumu yote huvimba."

"Ndiyo. Petroli na jua. Plastiki inalainika, inatuna kidogo kidogo. Hili limekaa na petroli miaka mingapi?"

Alichukua kopo lake la lita, akamimina maji mbele yangu. Kopo la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Maji hayajafika kwenye alama. Akamimina tena, zaidi ya nusu kopo, ndipo yakafika.

Kijana wa watu akaanza kunieleza habari ya dawa kuwa nyepesi, kwamba ndiyo maana kupe wanaogelea tu. Simsikii. Nilikuwa nimeshika nguzo ya zizi. Namba nazijua, nimeshawaambia. Kilometa mia mbili na hamsini na mbili kwa lita tano na zaidi ya nusu. Ni arobaini na tano. Ni ile arobaini na tano ya mwanangu.

Hakuna aliyeona. Mtu alipima abiria kwenye mizani ya pamba, alinyonya tone kwa sindano, na tumbo la dumu lake mwenyewe likaota mbele ya macho yake na yetu sote. Tulikuwa tunaangalia alama. Alama haikusogea.

Nilimwambia mjukuu wangu Bhoke, binti wa Chacha, anipeleke Ikoma. Siku hizi yeye ndiye anaendesha pikipiki ile, na anaiendesha vizuri kuliko wanaume. Tulimkuta Mpimaji mlangoni kwa binti yake, anabangua karanga, macho yameingia ukungu. Bhoke akampa shikamoo, akaitikia, akanijua kwa kikohozi changu.

"Mama Chacha. Kaa."

"Sikai. Dumu lako lina lita tano na zaidi ya nusu."

Aliendelea kubangua. Karanga moja, ya pili.

"Kwa hiyo umepima," alisema.

Nikakaa kwenye kigoda ambacho nilikuwa nimekikataa.

"Ulijua lini?"

"Mwaka uleule, mvua za vuli. Nilinunua dumu jipya la mafuta ya kupikia, nikaliweka kando ya la zamani pale jikoni. Nikaona. Nikapima kwa kopo mara tatu."

"Mwanangu alikuwa hajafikisha miezi minne huko. Ningemfuata. Angerudi."

"Labda."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema lipi, mama? Lako peke yake? Daftari lina pikipiki za watu wengi. Ningesema moja, wote wangekuja. Watu waliofukuza madereva wao wangekuja, na madereva wenyewe wangekuja. Nilikuwa mtu mmoja na daftari moja." Akapuliza maganda kutoka kwenye mapaja. "Niliacha kupima. Dumu nikakuletea wewe. Nilijua wewe utapima kitu siku moja."

"Ulikosa mdomo ukaniletea dumu."

"Ndiyo."

Sikuwahi kumsikia akisema ndiyo kwa upole namna ile. Nikamwambia ainuke. Nikamwambia pikipiki iko nje, Bhoke anaendesha, tutakwenda machimboni watatu, na yeye atasimama mbele ya Mwita aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea. Nilimwambia hilo ndilo deni pekee ninalomdai duniani.

Alitingisha kichwa. Akaelekeza yale macho yake mahali nilipo.

"Nikienda nitamwambia kwamba dumu lilivimba. Hilo ni langu, nitalisema, hata kwa simu nitalisema. Lakini mimi nilikupa hamsini, Mama Chacha. Nilikupa namba. Neno mwizi halikutoka kwenye daftari langu. Mtoto akiniuliza habari ya neno lile, nimjibu nini?"

Nilitafuta tusi. Mimi sikosi tusi, waulizeni hapa kijijini. Nilikaa pale nikitafuta, binti yake akaleta chai, tamu kupita kiasi, nikainywa yote. Bhoke alikuwa amesimama kwenye pikipiki anaangalia upande wa getini, amejifanya hasikii. Mpimaji akanipimia karanga kwa viganja vyake viwili, akazimimina kwenye khanga yangu, akafunga fundo mwenyewe kwa kupapasa. Hatukuagana kwa maneno mengi. Nilimwambia Mungu akuone. Akasema Mungu ameshamwona.

Nilifika nyumbani jua bado lipo juu. Niliwaita wote uani, Chacha, wake wa wanangu, wajukuu, nikawakalisha palepale mbele ya zizi, na nikawaambia hivi:

"Kesho alfajiri naenda machimboni kwa Mwita. Chacha, utakuja, na mkeo aje, na wote waliokuwepo siku ile waje, hata kama tutakodi pikipiki tatu. Jazeni matangi, na asitokee mtu wa kuuliza zimeingia lita ngapi. Tukifika, nyinyi nyamazeni. Wa kusema ni mimi."